Jiwe si kale

Leo sitasema juu ya mshahara. Najua kuna wengine watageuza ukurasa: "Delege akiacha kusema mshahara, atasema nini tena?" Mungoje kidogo. Nataka kusema juu ya kitu kidogo chenye kulala chini ya pine ya kamyo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukibeba, lakini kikikosekana kinaweza kuacha mjane. Tunakiita kale. Si ile kale ya hadithi za wazee. Ni kale ya kuzuia pine isizunguke.

Juma lililopita nilisimama kwenye barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, fasi kamyo zinapumzika mbele ya kupanda mlima. Nilikuwa nangojea gari, sikuwa na kazi, basi nikaanza kuangalia chini. Kulikuwa na kamyo saba. Moja ilikuwa na kale mbili za kweli, za kauchu, na kamba yake. Mbili zilikuwa na mawe. Moja ilikuwa na kipande cha mti chenye kuchomwa upande mmoja. Wazi kabisa kilikuwa kimetoka kwenye mbabula. Tatu zilizobaki hazikuwa na kitu. Na chini ya moja ya zile tatu, konvoyeri alikuwa amelala usingizi, kichwa chake karibu na pine ya nyuma, kwa sababu fasi ingine ya kivuli haikuwa.

Nilimwamsha. Akakasirika. "Yaya, freni ya mukono iko! Unaniamushia nini?"

Hayo maneno, "freni ya mukono iko", ndiyo nataka tuyazungumzie leo. Niliwahi kuyasikia mara ingine, na siku ile yaliishia hospitali.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, katika garaji ya kampani moja ndogo yenye kutumika chini ya kampani kubwa. Mimi nilikuwa kijana, kazi yangu ilikuwa kuleta funguo na kusafisha mafuta. Mekanisie wetu alikuwa mtu mzima, tulimwita Yaya sisi wote. Alijua kamyo kuliko shofele wenyewe. Siku ile walitaka kubadilisha freni za pine za nyuma, na kamyo ilitakiwa kutoka asubuhi yake. Kapita alipita kila nusu saa: "Inaisha? Inaisha?" Tukapandisha nyuma kwa kriki. Mimi nilitumwa kutafuta kale. Nilizunguka garaji nzima, sikupata. Nikaleta mawe mawili. Nilikuwa na haraka, nikayaweka mbele ya pine za mbele, moja huku, moja kule. Nikamwambia: "Yaya, ni mawe tu." Akajibu: "Hakuna neno, freni ya mukono iko."

Saruji ya garaji ile ilionekana sawa kama meza. Lakini haikuwa sawa. Mvua ikinyesha, maji yote yalikwenda upande wa mlango. Macho yetu hayakuona mteremko, lakini maji yaliuona, na kamyo pia iliuona. Yaya alipolegeza freni za nyuma ili atoe ngoma, jiwe moja likavunjika kama mkate mkavu, lingine likateleza. Kamyo ilikwenda mbele labda urefu wa mkono mmoja na nusu, si zaidi. Kriki ikalala. Mguu wa Yaya ulibaki chini.

Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mguu walikata. Kampani iliandika kwamba mtumishi mwenyewe hakuweka kamyo vizuri, kwa hiyo kosa ni lake. Hawakuandika kwamba katika garaji nzima hakukuwa hata na kale moja. Tulipokwenda kuuliza haki zake za aksida ya kazi, tukakuta kwamba kulikuwa na miezi mingi kampani haikulipa michango yake. Bibi yake akaanza kuuza makala kwa ndoo. Mtoto mkubwa akaacha masomo, akaenda kuchimba. Na mimi niliyeleta yale mawe nikaingia sendika. Watu wananiuliza mara nyingi kwa nini niko delege. Sasa mmejua.

Basi tuulize: Yaya alijua kazi. Kwa nini freni ya mkono haikumshika?

Jibu ni rahisi, na kila shofele anapashwa kulijua. Katika kamyo nyingi, freni ya kusimamisha inashika pine za nyuma tu. Ukipandisha pine za nyuma hewani kwa kriki, freni inashika pine ambazo hazigusi chini. Inashika hewa. Pine za mbele, zenye kubaki chini, hazina kitu cha kuzizuia. Na ukilegeza freni ili utoe ngoma, basi hata kile kidogo kilichobaki kimekwisha. Wakati ule, kamyo nzima inashikwa na kale peke yake. Kama kale ni jiwe, maisha yako yanashikwa na jiwe.

Wengine wanasema: "Mimi ninaingiza vitesi, motere inashika." Sikilizeni vizuri. Vitesi inashika pine za nyuma kupitia diferansieli. Ukipandisha pine moja tu ya nyuma, ile yenye kuwa hewani inaweza kuzunguka bure, na diferansieli inaacha ile ingine ya chini izunguke upande wake. Kamyo inakwenda, vitesi ikiwa ndani. Kuna pia magari ya zamani yenye freni ya mkono iliyowekwa kwenye kardani. Hayo yana ugonjwa ule ule: pandisha pine moja, freni imekufa. Na kama wamefungua kardani ili wavute kamyo mbovu, vitesi haishiki kitu tena, na freni ile ya kardani nayo imekwisha.

Remoki nayo ina hila yake. Kwenye remoki mpya, hewa ikiisha, resore inafunga freni. Hiyo ni vizuri. Lakini barabara zetu zimejaa remoki za zamani zilizouzwa mara tatu, mara nne, mbele ya kufika kwetu. Zingine freni yake ya kusimama inashikwa na hewa iliyobaki ndani ya chupa. Jioni unaiacha, inashika vizuri. Usiku hewa inatoka pole pole. Alfajiri freni imelegea, na mtu analala chini. Na zile ambazo resore imevunjika ao imefungwa na mekanisie kwa buloni "ili tufike tu nyumbani", hizo hazina freni kabisa.

Sasa tufanye hesabu ndogo, ile tuliyofundishwa shuleni. Kamyo yenye kubeba katode, pamoja na remoki na mzigo, tuseme iko na tani 50. Isimame kwenye mteremko ambao kila metre 100 unashuka metre 6. Si mlima mkubwa; kila siku tunapita fasi kama zile. Nguvu yenye kuivuta kwenda chini ni karibu uzito wa tani 3. Weka watu kumi wasukume kutoka chini: watakanyagwa wote kumi. Ndiyo sababu mtu hazuii kamyo kwa mikono, wala kwa kelele, wala kwa kukimbia nyuma yake na jiwe mkononi. Kamyo inazuiwa mbele haijaanza kutembea. Ikisha anza, umechelewa.

Na sasa jiwe. Najua mtasema: "Delege, tangu zamani za baba zetu tunatumia mawe." Ni kweli. Lakini muangalie jiwe lenyewe. Halina upande wa kulala sawa chini, halina upande wa kukumbatia pine. Linagusa fasi ndogo tu. Chini ya uzito linazunguka, ao linateleza kwenye lami, ao linapasuka. Mawe yetu ya huku mengi ni laini ndani, hata kama nje yanaonekana magumu. Kale ya kweli iko namna ya pembe: chini sawa, yenye meno ao kauchu ya kushika udongo, juu imekatwa kufuata mviringo wa pine. Na inakuwa na ukubwa wa kufuata pine yenyewe. Mafundi wengi wanakadiria kwamba urefu wake usipungue robo ya urefu wa pine. Kale ya gari ndogo chini ya kamyo, pine itaipanda kama ngazi. Kale ya kamyo chini ya bene kubwa za karyeri, ni kuchekesha watu.

Jiwe lina dhambi ingine tena. Kamyo ikitengenezwa usiku, shofele anaondoka, jiwe linabaki katikati ya barabara. Nyuma yake anakuja kijana wa moto na abiria wawili, taa yake hafifu. Ninyi wote mnajua kinachofuata. Yule shofele hatajua hata siku moja kwamba ameua. Kale yenye kamba unaichukua unakwenda nayo. Jiwe unaliachia mwenzako.

Namna ya kufanya haina siri. Niiseme kwa lugha ya garaji, mukate mubandike kwenye kabine.

Kwanza, tafuta fasi sawa na ngumu. Kama ni mvua na udongo umelowa, kale itateleza na udongo wake. Sogea mpaka upate changarawe ao lami. Kama huwezi kukwepa mteremko, geuza pine za mbele kuelekea ukingo, si kuelekea barabara. Ndani ya karyeri, simama fasi ambayo pine zinaingia ndani ya mfereji ao zinagusa tuta la udongo.

Pili, funga freni ya mkono, zima motere, ingiza vitesi. Shofele asishuke mbele ya kuhakikisha kwamba kamyo imetulia.

Tatu, weka kale. Ziwe mbili, na ziguse pine kabisa, katikati ya pine, si pembeni. Kwenye mteremko weka upande ambao kamyo inataka kwenda. Fasi sawa, weka mbele na nyuma ya pine ile ile, kwa sababu hujui itachagua upande gani. Unapoiweka, simama pembeni ya kamyo. Usisimame mbele ya pine. Shika kale kwa mkono wake ao kamba yake. Vidole visiingie kati ya kale na pine.

Nne, kama unapandisha kwa kriki, kale zinakwenda kwenye pine zenye kubaki chini. Ukipandisha nyuma, unazuia mbele. Ukipandisha mbele, unazuia nyuma. Kale inawekwa mbele ya kriki kuanza kupanda, si kisha. Na kriki ni ya kupandisha tu, si ya kushikilia. Kisha kupandisha, weka shandeli za chuma chini ya gari, ndipo mtu aingie. Matofali si shandeli. Pine ya akiba si shandeli.

Tano, remoki: zuia pine zake mbele ya kuitenganisha na kichwa. Na wakati wa kupakia kwenye kizingiti, wakati elevateri inaingia na kutoka na katode, kila mara inasukuma remoki kidogo. Leo kidole kimoja, kisha vidole vitatu, kisha kuna shimo kati ya kizingiti na remoki, na elevateri inaanguka na mtu wake. Kale mbili zinamaliza habari hiyo.

Sita, kuondoa. Wengi wanaumia hapa, kwa sababu kazi imeisha na akili imekwisha kwenda nyumbani. Shusha gari kwanza. Shofele apande, awashe motere, hewa ijae, freni iwe imefungwa. Ndipo mwenzake aondoe kale, akiwa pembeni. Kama kale imekazwa na uzito, usiipige na nyundo. Shofele asogeze kamyo kidogo kwa upande wa juu, kale itatoka yenyewe. Na aliyeweka ndiye aondoe, na aseme kwa sauti: "Kale zimetoka!"

Haya yote yanachukua dakika tano. Najua kapita atasema dakika tano ni nyingi. Kwa Yaya, haraka ya kapita ilichukua mguu.

Sasa nataka kusema na bakubwa wa kampani, kwa sababu gazeti hili wanalisoma pia, hata kama wanaanza na kurasa za Kifaransa. Kila siku mnatuambia sekirite ni ya kwanza. Mmeiandika kwenye mlango, kwenye kofia, kwenye kikombe cha kahawa. Ndani ya uzio wa kampani kubwa ni kweli, kamyo isiyo na kale haiingii. Lakini kamyo ile ile, ikitoka mlangoni na mzigo wenu, ni ya mwenye kukodishwa na mwenye kukodishwa, na hapo hakuna anayeuliza. Shofele wengine wanaazimana kale mlangoni: mmoja anapita, anarudisha kale nyuma kwa konvoyeri, mwingine anaingia nazo. Nimeona kwa macho yangu. Mlinzi anaandika "ndiyo" mara kumi kwa kale mbili zile zile. Hiyo si sekirite, ni mchezo wa kuigiza.

Sheria iko wazi. Kodi ya Kazi, Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka juu ya mwenye kazi jukumu la kulinda afya na usalama wa watumishi fasi ya kazi. Inaomba pia kuwe na komite ya sekirite na usafi ndani ya kampani. Hakuna fasi imeandikwa kwamba mtumishi wa kampani ndogo ana mifupa ya chuma. Kwa hiyo tunalomba mambo manne. Kale ziwe ndani ya orodha ya vifaa vya kamyo, sawa na pine ya akiba, na ziandikwe namba ya kamyo yake ili mchezo wa mlangoni uishe. Zikaguliwe wakati wa kutoka pia, si wakati wa kuingia tu. Shofele akikataa kuondoka bila kale asiadhibiwe. Na kale ikiharibika kwa kazi, bei yake isikatwe kwenye mshahara. Maana mnajua wenyewe: mtumishi akiogopa kulipa kale, ataifungia ndani ya kabine ibaki mpya, na chini ya pine ataweka jiwe.

Lakini sitakuwa delege wa kweli nikisema na bakubwa peke yao. Bandugu, sisi wenyewe tumechoma kale ngapi kwenye mbabula tukipika bukari njiani? Tumeuza ngapi kwa bei ya sigara? Kampani ikitoa kale za mbao leo, juma lijalo nusu zimekuwa moshi. Nasema hivi kwa haya, kwa sababu na mimi niliwahi kula bukari iliyopikwa kwa kuni za namna ile. Tukilomba kifaa, tukichunge. Tukikichoma, siku ya mkutano bakubwa watatucheka, na watakuwa na haki.

Kwenu wamama na watoto: chini ya remoki iliyosimama si kivuli cha muembe. Pale Kasumbalesa, na kila fasi mistari ya kamyo inalala, mnauza chakula, mnakaa chini, watoto wanacheza kati ya pine. Mbele ya kukaa, angalieni pine. Kama hakuna kale, sogeeni kwenye jua. Na bwana akirudi jioni, kisha kumuuliza habari za makuta, mumuulize: "Leo uliweka kale?" Ataona ni mambo ya kuchekesha. Acheni acheke.

Jambo moja la mwisho. Kwenye kilio cha watu wetu tunasema: "Mungu alipenda." Wengine wanasema jirani alimroga. Wanatafuta nani alimwonea wivu, familia inagawanyika, mzee mmoja maskini anafukuzwa nyumbani kwake. Wakati ule hakuna hata mtu mmoja anayekwenda pale kamyo iliposimama kuangalia ni nini kilikuwa chini ya pine. Mimi ninaomba twende tuangalie. Mara nyingi tutakuta kwamba mlozi ni jiwe lililopasuka.

Yule konvoyeri niliyemwamsha, kisha hasira yake kuisha, aliniuliza kale inauzwa wapi. Nikamwambia: usinunue, zilombe kwa mwenye kamyo, na kama anakataa, uje uniambie. Akaniangalia. Kisha akachukua karatasi yake ya kulalia, akaenda kulala mbali, kwenye majani, kwenye jua. Siku ile nilihesabu kwamba nimefanya kazi.